Kipya Kinyemi: Uchu wa Ala na Hatima ya Neno katika Taarabu

Wahenga walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Neno kinyemi ni nadra kusikika leo nje ya methali hii. Maana yake ni jambo lipendezalo, litiao furaha moyoni. Waliotunga methali huenda hawakuwa na wanamuziki akilini, lakini ni vigumu kupata kaumu iliyoitimiza kwa bidii kama wao. Mpiga udi mwenye ala tatu ukutani atakuapia kwamba ya nne, aliyoisikia juzi kwa rafiki yake, ndiyo iliyokuwa ikikosekana. Akiipata, kabla mwaka haujapinduka, ataanza kuulizia ya tano.

Katika miaka ya 1990, Walter Becker, mpiga gitaa Mmarekani wa kundi la Steely Dan, aliandika kwa mzaha juu ya wenzake wasioweza kujizuia kununua magitaa, akayapa maradhi hayo jina. Jina likaenea miongoni mwa wanamuziki wa Magharibi, kwa sababu kila mmoja alijitambua humo. Kiswahili hakina istilahi iliyozoeleka ya maradhi haya, nami napendekeza uchu wa ala. Uchu si njaa. Mwenye njaa hana chakula. Mwenye uchu ana wali sahanini, bali moyo wake umenasa kwenye kitoweo alichokinusa kwa jirani.

Nalileta suala hili kwenye ukumbi wa washairi kwa sababu tuna lalamiko letu la siku nyingi: kwamba ala zimelimeza shairi. Twasema zamani watu walikaa kusikiliza maneno, na leo wanasimama kufuata vishindo. Lalamiko hilo lastahili kupimwa kwa historia ya taarabu, kwani hiyo ndiyo fani ambamo uchu wa ala na utungo wa Kiswahili vimeishi nyumba moja kwa zaidi ya miaka 100.

Kinanda kabla ya taarabu

Tuanze na neno kinanda. Leo ukilitamka, msikilizaji ataona akilini mwake safu ya vibonye vyeupe na vyeusi. Lakini kamusi za kale za Kiswahili zinakitaja kinanda kuwa ni ala ya nyuzi, na huko Lamu jina hilo lilikuwa pia jina la muziki wenyewe uliotangulia taarabu: mwimbaji mmoja na ala ya nyuzi, pamoja na ngoma ndogo za kumsindikiza. Ala hiyo ilikuwa ya jamii ya gambusi, ambayo wengine huiita kibangala: kipande cha mti kilichochongwa, tumbo lake likawambwa ngozi. Asili yake ni Yemeni, na ndugu zake wanapatikana Ngazija kwa jina la gabusi na Bukini kwa jina la kabosy. Bahari iliieneza ala hiyo kabla ya duka lolote kufunguliwa.

Mwimbaji wa kinanda hakuwa na mahali pa kujificha. Ala yake ilikuwa na sauti ndogo, na wasikilizaji wake walikuwa watu waliozijua mizani na vina. Akikosea, kosa lilisikika.

Kisha ikaja Misri. Masimulizi ya Unguja yanaeleza kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni, ili kasri nayo iwe na muziki wa kasri. Barghash alikuwa mtu wa vipya: ndiye aliyeijenga Beit el-Ajaib, nyumba ambayo jina lake tu ni ungamo la mtu apendaye maajabu. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Nadi Ikhwani Safaa, wakajipa jina la wale wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, nao wakaagiza ala kutoka Misri.

Tuitazame kanuni kidogo, maana inafaa kuwa ishara ya habari yote hii. Ni sanduku bapa lenye umbo la pembe nne, upande mmoja umekatwa mshazari. Ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji huiweka mapajani na kuzidonoa nyuzi kwa vidole vya shahada vilivyovishwa pete. Ukiwa na kanuni moja una kazi ya kulinganisha nyuzi maisha yako yote. Na jina lake, lililotoka kwa Wayunani likapitia kwa Waarabu, ndilo hilo hilo tunaloliita kanuni kwa maana ya sheria. Ni kana kwamba lugha ilitaka kutuonya: ala hii imeingia nyumbani, lakini ni nani atakayemtawala mwenzake?

Udi nao una mafumbo yake. Kwa Kiarabu ni mti. Kwetu ni ala na pia ni manukato ya kufukiza, na mtu akitafuta jambo kwa kila hali husemwa kwamba analitafuta kwa udi na uvumba. Kwa vijana wale wa 1905 msemo huo ulikuwa karibu na maana yake ya wazi.

Ala nyingi, maneno ya ugenini

Ikhwani Safaa walipoanza waliimba kwa Kiarabu. Pamoja na udi, kanuni, nai, fidla, rika na dumbaki zilikuja nyimbo za Cairo, pamoja na bashrafu, ule utangulizi wa ala tupu unaofungua hafla hadi leo. Jina bashrafu lina safari yake pia: lilitoka Uajemi kwa maana ya kitanguliacho, likapita kwa Waturuki na Waarabu, likafika kwetu. Wakati huo, kwa hiyo, utajiri wa ala ulikwenda sambamba na ukimya wa Kiswahili. Mshairi wa Unguja angeweza kukaa ukumbini usiku kucha, akaburudika, asisikie ubeti hata mmoja wa lugha aliyoizungumza na mama yake.

Aliyeubadili mkondo huo alikuwa mwanamke kutoka Fumba, mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu. Siti binti Saad alizaliwa karibu na mwaka 1880, akahamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay pamoja na wenzake wachache kurekodi santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na anayetaka maisha yake kamili akautafute humo. Kwa hoja yetu, nataka tuangalie uwiano. Kundi lake lilikuwa dogo, watu wa kuhesabika kwa vidole, na hapo ndipo Kiswahili kilipotawala. Waliimba habari za mitaa ya Ng'ambo, za mahakama, za wenye nguvu waliodhulumu na wanyonge waliodhulumiwa. Wimbo wake mashuhuri kuhusu Kijiti, mwuaji aliyetorokea bara huku mashahidi wakiishia kifungoni, haukumbukwi kwa wingi wa fidla. Unakumbukwa kwa sababu neno lilimfikia mlengwa.

Hata hivyo tusiseme haraka kwamba uchache wa ala ndio siri. Siti naye alikuwa mtu wa kipya. Santuri yenyewe ilikuwa chombo kigeni kuliko vyote, na neno santuri lilikuwa la ala ya nyuzi, ndugu wa kanuni, kabla ya kuhamia kwenye sahani iimbayo. Sahani hiyo ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba kiasi cha dakika tatu kila upande. Utungo uliozoea kuimbwa usiku wa manane bila haraka ulilazimika kupunguzwa au kukatwa vipande viwili. Mashine ililipunguza shairi, na mashine hiyo hiyo ikalifikisha mahali ambapo sauti ya Siti isingefika kwa miguu. Faida na hasara ziliingia kwa mlango mmoja.

Uchu unapata jukwaa

Mwaka 1932 ulifanyika mjini Cairo mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu. Walihudhuria wataalamu wa Kiarabu na wa Ulaya, miongoni mwao Béla Bartók na Paul Hindemith, na tume ya ala iliongozwa na Curt Sachs. Mzozo mkali ulizuka juu ya piano na ala nyingine za Ulaya. Wamisri wengi walizitaka, kwa kuwa waliuona muziki wao ukisonga mbele nazo. Wageni wengi wa Ulaya walizikataa, kwa kuwa piano ina sauti zilizofungwa mahali pamoja na haiwezi kuimba zile robo za sauti ambazo ndizo uhai wa maqamu za Kiarabu. Waliotoka kwenye nchi ya piano walisema msiichukue; waliokuwa na udi na kanuni walisema tuleteeni. Hakuna picha ya uchu iliyo wazi kuliko hiyo.

Mzozo haukuwazuia waliotamani. Filamu na santuri za Misri zilileta Zanzibar sauti za Umm Kulthum na Mohammed Abdel Wahab, na nyuma ya waimbaji hao safu za fidla zilizopigwa kwa pamoja kama upepo wa kusi. Vilabu vya Unguja vikataka mlio ule. Fidla moja ikawa fidla nyingi. Ikaongezwa selo, likaongezwa besi kubwa la kusimama, ikaja kodiani. Mwaka 1958 likazaliwa kundi la Culture, na tangu hapo Unguja ikawa na mahasimu wawili wa kudumu. Kilichonunuliwa na huyu hakikumpa yule usingizi. Hapa uchu haukuwa tena wa mtu mmoja na ukuta wake. Ulikuwa fahari ya mtaa.

Lakini hesabu ya ala haikugawiwa sawa. Katika vikundi vya wanawake vya mjini, kama Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari, wanawake waliimba na ala zikapigwa na wanaume walioalikwa. Ushindani wa wanawake ukatafuta njia nyingine: ukaingia kwenye sare za nguo, na ukaingia kwenye mafumbo. Mwanamke asiye na fidla mkononi alilinoa neno. Mpasho ambao baadhi yetu hupenda kuudharau ulilelewa na watu ambao ala yao kuu ilikuwa lugha.

Maskini naye hakukaa kimya. Mitaani na mashamba kulikuwa na kidumbaki, taarabu ya wasiokuwa na uwezo wa kuagiza kutoka Cairo. Ngoma mbili ndogo za udongo, fidla moja isiyopumzika, cherewa na mkwasa. Na mahali pa besi kubwa, sanduku: kasha la chai lililopinduliwa, likasimamishiwa mti na kuvutwa uzi mmoja. Aliyelitengeneza alikuwa na uchu ule ule wa besi, ila hakuwa na mfuko. Sanduku likapata mlio wake na jina lake la Kiswahili safi, na hapana mtu leo anayeliita besi la bandia.

Shahidi kutoka Mombasa

Ikiwa lalamiko letu ni kweli, kwamba ala mpya huua shairi, basi Mombasa ingekuwa makaburi ya ushairi. Huko milango ilifunguliwa kila upande. Kutoka India ilikuja tabla, na hamoniamu, kinanda cha upepo kinachosukumwa kwa mkono. Kutoka Japani ilikuja taishokoto, ala ya nyuzi yenye vibonye kama vya taipureta, iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912 na Goro Morita, ikapita India hadi pwani yetu, ikapachikwa kipaza sauti na kuwa mlio unaotambulisha taarabu ya Mombasa. Juma Bhalo alizitwaa hata tuni za filamu za Kihindi. Kwa kipimo cha walinda mila, huo ulikuwa uvamizi kamili.

Na shairi? Shairi lilistawi. Nyuma ya sauti ya Juma Bhalo alikuwapo ndugu yake, Ahmad Nassir, yule Malenga wa Mvita ambaye diwani yake ya 1971 imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa ushairi. Mahadhi yalikuwa ya mbali, bali mizani ilikuwa ya nyumbani. Tuni ya Kihindi ililazimika kuinama ili mgawo wa vipande upite bila kuvunjika. Mwimbaji na mtunzi walikuwa wa ukoo mmoja, na wala hapakuhitajika barua ya kumkumbusha mmoja kuwapo kwa mwenzake.

Shahidi wa pili ni Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, fundi wa udi aliyesifika pwani nzima. Mwenzake katika nyimbo nyingi alikuwa Sheikh Ahmed Nabhany. Hapa wapenzi wa lugha watatabasamu, kwa sababu Nabhany naye alikuwa mkusanyaji asiyeshiba, ila alichokusanya ni maneno. Alitembea na msamiati wa mabaharia, wa wakulima na wa washairi wa kale, na kila kilipoingia chombo kipya alikitafutia jina katika hazina hiyo. Neno runinga tunalolitumia kila jioni ni la kwake. Mmoja alikuwa na ala, mwingine ana maneno, wakakaa chumba kimoja. Matokeo yake ni nyimbo ambazo mtu anaweza kuzisoma kama mashairi baada ya muziki kuzimwa, na hicho ndicho kipimo nikiaminicho kuliko vyote.

Kinanda kimerudi

Tangu miaka ya 1990, taarabu ya kisasa ilipochukua majukwaa, Dar es Salaam ikawa uwanja wa mapambano mapya, ya TOT na Muungano kwanza na ya wengine baadaye. Viliingia vinanda vya umeme, magitaa na spika za kutikisa ukuta. Wengi tunaiona hatua hii kuwa kilele cha uchu. Kwa maoni yangu ni kinyume chake: hapo ndipo uchu wa ala ulipozimwa. Kinanda kimoja cha umeme kimebeba ndani yake sauti ya fidla, ya nai, ya kodiani na ya ngoma, zote kwa kubonyeza. Hakidai posho ya watu 20, wala nauli ya besi kubwa kwenye boti. Mwenye kundi hakukinunua kwa uchu, alikinunua kwa hesabu. Na aliyepoteza ni yule aliyetumia miaka yake akijifunza kulinganisha nyuzi 70 kabla ya hafla. Maarifa ya kidole yanapokosa mwanafunzi hayasubiri. Ndiyo maana kazi ya chuo cha muziki cha nchi za jahazi pale Unguja, kinachofundisha vijana udi na kanuni, ni kazi ya uokozi.

Tazama basi lugha ilivyofunga duara. Kinanda kilianza kuwa ala ndogo ya nyuzi, mwimbaji na mpigaji wakiwa mtu mmoja. Jina likahamia kwenye hamoniamu na piano, hata kwenye gramafoni. Sasa limetua juu ya kisanduku cha umeme, na kwa mara nyingine mtu mmoja anaweza kulibeba kundi zima mapajani. Tumerudi tulikoanzia kwa upande wa idadi. Mbona hatujarudi kwa upande wa neno?

Jibu langu halitawafurahisha wote. Siamini kwamba kinanda kilimfukuza mshairi. Naamini mshairi aliondoka mwenyewe. Alipoona vipaza sauti alikunja karatasi yake, akaenda kutunga kwa ajili ya gazeti, kwa ajili ya diwani, kwa ajili ya mashindano ya wenzake, akaiacha kazi ya kutunga nyimbo kwa yeyote aliyekuwa karibu na jukwaa. Kisha akarudi mlangoni kulalamika kwamba maneno ni mepesi. Ahmad Nassir hakufanya hivyo mbele ya tabla, wala Nabhany mbele ya vipya vya zama zake.

Neno lenyewe taarabu lingetukumbusha. Asili yake, tarab, si jina la ala wala la kundi. Ni ile hali ya moyo kutikisika kwa uzuri wa sauti. Hali hiyo hainunuliki Cairo wala Nagoya, na pia haifi kwa sababu ya waya na umeme. Mwanamuziki ataendelea na uchu wake. Mwacheni, maana bila uchu huo tusingekuwa na udi, wala taishokoto, wala sanduku. Sisi tuna swali dogo zaidi la kujiuliza. Jioni hii, mahali fulani katika miji yetu, kuna kundi linalofanya mazoezi. Wamepata kinanda kipya na wanakijaribu sauti moja baada ya nyingine, wakichekelea. Kuna kiti kitupu kando yao. Ni nani kati yetu atakayekwenda kukikalia, na ubeti wake mkononi?